Aliyeshindwa Ndiye Anayelipa

"Niambie wewe mwenye diploma," Muzafaru alisema. "Hizi mashine sita ni za kucheza ama za kutazama?"

"Za kucheza, baba. Zinacheza."

"Zinacheza nini? Karata? Jumamosi watu kumi na saba walisimama hapa, wakaona aibu yetu. Leo Jumatatu, saa nne hii, nani yuko kwa kiti? Mimi naona kiti. Sioni mtu."

Shakirah alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya tatu, akifuta vumbi kwenye kompyuta ambayo haikuwa na vumbi. Baba yake alisimama katikati ya chumba na flashi nyekundu mkononi, ameinyanyua kama refa anayeonyesha kadi. Muzafaru alikulia Kimaka, kule Jinja, jirani na wanajeshi, na alipokasirika Kiswahili chake kilirudi kambini: sentensi fupi, amri, na hakuna aliyeruhusiwa kukaa.

"Wahab wa chumba cha michezo cha Malukhu ametugawia Windows kwa roho safi," alisema. "Iko humu ndani. Saa moja tu, mashine zote zinarudi kama zamani."

"Hiyo si Windows, baba. Ni ya wizi. Hata ile ya kwanza ilikuwa hivyohivyo, na ilituletea virusi. Umesahau Ivy alivyolia hapo kwenye benchi? Kazi yake yote ya chuo ilikwenda na maji."

"Ivy alilia siku moja. Mimi nalia siku ya tatu."

Mlangoni, kwenye mashine ya fotokopi, mkewe Rehemah alikuwa akimtolea jirani yao Annah nakala za cheti cha ubatizo. Annah alikuwa ameomba nakala mbili tu. Alikuwa amekwisha kuzihesabu mara nne, na bado hakuonyesha dalili ya kuondoka.

"Ziko mbili, Annah," Rehemah alisema.

"Naangalia kama wino umekolea."

"Umekolea. Nenda salama."

Annah akaondoka taratibu, akauangalia mfuko wa nguo uliokuwa kando ya mlango. Ulikuwa wa Shakirah. Basi la Jinja lingeondoka saa nane mchana, na Nakisige, senga wake, yaani dada wa baba yake, alikuwa anamngoja Kimaka kwenye duka lake la vyombo vya plastiki. Shauri lilikuwa limekatwa jana jioni: Shakirah anakwenda kuuza kwa senga, chumba kinarudi mikononi mwa baba. Kufikia jioni, mtaa mzima wa Namakwekwe, hapo Mbale, ungejua.

"Mama," Shakirah alisema akitoka chini ya meza. "Wewe huna la kusema?"

Rehemah alizima mashine ya fotokopi. Kompyuta zile zilikuwa zake. Alizinunua kwa cherehani zake mbili na mbuzi watatu, kutoka ofisi moja iliyokuwa inahama mjini, na hakuna aliyesahau hilo, hata Muzafaru.

"Nilishasema jana. Utauza ndoo. Ndoo haimkatai mtu mbele ya watu."

Shakirah alirudi chini ya meza.

*

Ukweli ni kwamba mashine zenyewe zilikuwa zimezeeka. Windows ya zamani ilikuwa imeachwa bila kuangaliwa na wenyewe, na ile mpya iliziangalia mashine sita za Rehemah ikasema haizitaki, kama mchumba anayeuliza umri kwanza. Shakirah ndiye aliyeleta Linux. Alieleza kwamba ni mfumo wa bure, umetengenezwa na watu wengi duniani, wakaufungulia kila mtu.

"Bure?" Rehemah aliuliza siku ile. "Bila kuiba?"

"Bila kuiba, mama."

"Na mpira wa vijana utachezeka?"

"Kuna programu inakaa katikati. Mchezo unaongea Kiwindows, mashine inaongea Kilinux, programu inatafsiri."

Na ilitafsiri kweli. Mpira ulichezeka. Mbio za magari zilichezeka, mieleka pia, na mashine zilizokuwa zikivuta pumzi kama mzee anayepanda mlima zikaanza kuwaka haraka. Kwa wiki tatu Muzafaru alijisifu msikitini kwamba binti yake ameponya kompyuta bila dawa. Ni yeye aliyekubali mechi ya Jumamosi, Namakwekwe dhidi ya Kimaka, watu watano kwa watano, kwenye mchezo wa kulinda ngome ambao vijana waliuita Ngome tu, na ambao ulikuwa bado haujachezwa humo tangu Linux ifike. Ni yeye aliyewaambia watu wote waje.

Wachezaji watano walikaa. Waliingia mtandaoni. Kabla filimbi haijapigwa, kioo cha kwanza kikawa cheusi, cha pili kikafuata, mpaka vyote vitano vikawa na sentensi moja nyekundu. Vya wenzake vilisema tu wametolewa mchezoni; kilichoandikwa kwenye kioo cha Apollo, mgeni aliyekuwa akiichezea Namakwekwe, kilikuwa kirefu zaidi: *Akaunti hii imefungwa kwa udanganyifu.* Watu kumi na saba waliisoma. Mmoja aliisoma kwa sauti, kwa ajili ya waliokuwa nyuma.

*

Apollo Wangila alifika saa tano. Alikuwa dereva wa lori, Mkenya wa Bungoma, mtu wa miaka thelathini na kitu, mwili mkubwa na sauti ndogo. Kila alipopita Mbale kuelekea Juba alikuwa analala siku moja na kucheza saa mbili. Safari hii mzigo ulikuwa umechelewa, naye akabaki.

"Hodi, mama Shakirah."

"Karibu. Kama umekuja kugombana, panga foleni."

"Sijakuja kugombana." Alikaa kwenye kiti cha mashine ya kwanza, akageuka akaipa mgongo. "Mzee, habari."

"Habari ni hii," Muzafaru alisema, akimwonyesha flashi. "Tunarudisha Windows leo. Jioni unacheza."

"Nacheza na nini, mzee? Akaunti imefungwa. Hata ukiniwekea mashine ya dhahabu, jina langu halifunguki. Niliwaandikia wenye mchezo nikaeleza. Jibu lilirudi baada ya dakika mbili. Hakuna mtu anayesoma barua ndefu vile kwa dakika mbili."

"Lilisemaje?" Shakirah aliuliza.

"Uamuzi ni wa mwisho. Tunakutakia siku njema."

Rehemah alivuta benchi, akakaa karibu naye.

"Ni mchezo tu, Apollo," Rehemah alisema. Hakuwa na maana mbaya. Ndivyo alivyowaambia watoto wake walipoanguka: hujavunjika, inuka.

Apollo aliangalia mikono yake. "Mama, mimi nikifika Juba nakaa siku tisa, siku kumi, nangoja kushusha. Nalala ndani ya lori. Mke wangu Orpah ananipigia usiku, tunaongea, anakwenda kulala. Zile saa zingine zote, naongea na hawa. Kuna mmoja yuko Eldoret, wawili wako Jinja, mmoja ni nesi, yuko zamu. Miaka minne. Hatujaonana hata siku moja. Lakini mtoto wangu alipozaliwa, wao ndio walijua kwanza, kabla ya baba yangu." Akatoa simu. "Sasa Isabirye, mmoja wa hao wa Jinja, kapteni wa Kimaka, ameandika kwenye grupu: Wangila ni mwizi, miaka yote alikuwa anatuibia. Halafu wamenitoa. Siwezi hata kujibu."

Aliiweka simu mezani, kioo chini.

"Hiyo akaunti ikafie mbali. Mimi nataka mtu awaambie sikudanganya. Nikisema mwenyewe, kila mwizi husema hivyo."

Muzafaru aliishusha flashi kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeaibika mbele ya watu wa kwao, na Kimaka ndiko kwao.

"Mama yangu," Rehemah alimwambia bintiye, "mimi bado sijaelewa. Mpira unacheza. Magari yanacheza. Huu mmoja una nini?"

"Una mlinzi," Shakirah alisema. "Mchezo wenyewe hauna shida, unacheza vizuri kabisa. Lakini ukiingia mtandaoni, mlinzi anaamka kuangalia kama kuna mtu anadanganya. Huyo mlinzi anataka kukaa ndani kabisa ya mashine, chumba cha ndani, aone kila kitu. Linux haimfungulii mlango huo. Kuna michezo walinzi wao wanakubali kukaa sebuleni, hiyo haina neno. Wa Ngome anakataa. Akikuta mlango umefungwa, anasema humo ndani kuna mwizi."

"Anataka kulala chumbani kwangu na mume wangu."

"Ndiyo, mama."

"Hata mimi ningefunga."

Apollo alitabasamu kwa mara ya kwanza. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, kama dereva anavyomuuliza fundi: "Lakini dada, ulijaribu kabla ya Jumamosi, si ndiyo?"

"Nilijaribu. Siku tano. Mchezo mmoja baada ya mwingine, nikaandika kwenye daftari."

"Na Ngome?"

"Ilicheza. Nilicheza mimi na mashine."

"Ukiwa mtandaoni?"

Shakirah alinyanyua kitambaa cha vumbi, akakikunja mara mbili. "Hapana."

"Kwa nini, sasa? Mlinzi si ungemwona palepale?"

"Nilifanya makosa," Shakirah alisema. "Nimeshasema ni makosa yangu. Nimesema Jumamosi, nimesema jana."

Rehemah alikuwa amekwisha kuufikia mkoba wake, akitafuta leso. Mkono wake uligusa kile kisanduku cheusi cha waifai, kidogo kama kipande cha sabuni, ukasimama hapohapo.

Kilikuwa kinakaa humo kila wakati. Asubuhi alikiwasha wateja wakifika, jioni akakizima, na kila alipokwenda sokoni alikwenda nacho, kwa sababu bando lililoachwa nyumbani huliwa na wa nyumbani. Wiki ile ya majaribio Shakirah alikiomba. Alikiomba mara mbili. Rehemah alimjibu akiwa anafunga kilemba, hata hakugeuka: *Bando ni la wateja. Jaribu bila hilo, mashine ni ileile.*

Tangu Jumamosi wamemrushia mtoto maneno mchana na jioni. Na mtoto hakulitaja hilo hata mara moja.

"Shakirah. Nani alikuambia ujaribu bila mtandao?"

"Mama, yamekwisha."

"Nimeuliza."

"Basi la saa nane, mama. Acha nijiandae."

"Nimekuuliza swali mbele ya mgeni, nijibu mbele ya mgeni."

Shakirah alimwangalia mama yake usoni. "Ni wewe."

Nje bodaboda ilipita ikipiga honi. Muzafaru akautazama ukuta. Kila aliyeingia katika chumba kile aliutazama ukuta huo mapema au baadaye, kwa sababu juu ya mashine ya tatu kulikuwa na kibao cha karatasi ngumu, herufi kubwa za kalamu nyekundu. Rehemah alikiandika mwenyewe mwaka wa kwanza, vijana walipokuwa wakikaribia kupigana kila jioni kuhusu nani atoe pesa ya saa. ALIYESHINDWA NDIYE ANAYELIPA. HAKUNA MJADALA. Mshindi alibaki kitini, mwingine akaingia mfukoni. Watoto wa matajiri walilipa, mtoto wa imamu alilipa, na siku moja askari aliyekuja na bunduki yake naye alilipa.

Rehemah alikisoma chote, polepole, kama hati ya mtu mwingine.

"Hii maneno tuimalize," Muzafaru alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya mume, si ya kambi. "Kosa ni la wote. Naweka flashi, watu wanarudi, yanasahaulika."

"Apollo atasahau?"

Muzafaru aliizungusha flashi kidoleni.

"Nipe hiyo."

Akaichukua flashi kutoka mkononi mwake, akaitia kwenye mkoba, akavaa viatu.

"Wahab amefungua?"

"Wahab anafungua saa mbili," Apollo alisema. "Vijana wote wako huko. Jinja wanafanya mazoezi saa sita."

"Basi twende Malukhu. Shakirah, vaa."

"Kwa Wahab?" Muzafaru alisema. "Rehemah, utaenda kwa Wahab na miguu yako? Kumwambia nini?"

"Sina la kumwambia Wahab. Nakwenda kulipa."

"Na basi?"

"Litaondoka. Mabasi yote huondoka." Alikuwa tayari barabarani. "Mpigie Nakisige, mwambie binti hajapanda. Halafu ufungue huo mfuko, nguo zitakunjamana."

*

Chumba cha Wahab kilikuwa na mashine nane, feni mbili, na vijana wengi ambao wiki iliyopita walikuwa wanakaa kwenye viti vya Rehemah. Walipomwona mlangoni, macho yao yalirudi kwenye vioo kwa haraka ya wanafunzi. Walipomwona Apollo nyuma yake, mmoja alinong'ona na mwingine akakohoa.

"Mama Shakirah," Wahab alisema akiinuka. Alikuwa kijana mnene mwenye saa kubwa. "Tumeheshimiwa. Umekuja kucheza?"

"Nimekuja kukodi kiti. Na chukua kitu chako." Akampa flashi.

"Haikufanya kazi?"

"Hatukuiweka."

"Mama, kila mtu mjini anatumia hii."

"Najua. Kila mtu mjini anakuja kwangu kuchapa upya barua zilizoliwa na virusi. Jinja wako hewani?"

Wahab alionyesha mashine ya pembeni. Kijana aliyekuwa amekaa pale aliinuka bila kuambiwa. Rehemah alikaa. Hedifoni haikuweza kupita juu ya hijabu, akaivaa juujuu, ikawa imekaa upande; Shakirah akainama akaiweka sawa na kuisogeza maiki karibu na mdomo wake.

"Ongea tu, mama. Wanasikia."

"Isabirye yupo?"

Sauti nyingi zilikuwa zinaongea pamoja, milio ya risasi katikati. Zikapungua. "Nani huyo?" sauti moja iliuliza.

"Mimi ni Rehemah, mwenye chumba cha Namakwekwe. Mama yake Shakirah."

Milio ya risasi ikakoma. Mtu mmoja kule Jinja alicheka, akanyamazishwa.

"Ndiyo, mama. Isabirye hapa. Karibu."

"Asante. Sitakaa sana. Umeandika kwamba Apollo ni mwizi. Si mwizi. Mashine zangu hazina Windows, zina Linux. Mlinzi wa mchezo wenu alikuta mlango asioujua, akapiga yowe. Humo ndani hakukuwa na mtu. Binti yangu alitaka kujaribu na mtandao kabla ya mechi, angeliona jambo hili mapema. Mimi nikamnyima mtandao, nikaondoka nao kwenye mkoba nikaenda kununua nyanya. Kosa si la Apollo na si la binti yangu. Ni langu."

Ndani ya chumba cha Wahab hakuna aliyekuwa akibonyeza kitu. Feni tu.

"Mama," Isabirye alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya kijana anayeongea na mtu mzima, "mbona usirudishe Windows kama watu wengine?"

"Ya kununua inakataa mashine zangu, na ya kuiba sitaki tena. Kwangu michezo thelathini na moja inacheza. Wenu hauchezi. Nitaandika nje, kila mtu asome kabla hajaingia. Anayetaka Ngome, aende kwa Wahab."

Wahab alikaa chini.

"Na mechi yetu?" mtu mwingine wa Jinja aliuliza.

"Mlishinda."

"Lakini hatukucheza, mama."

"Nyinyi mlikuwa kitini, sisi hatukuwepo. Mlishinda. Sasa ongea na mwenzako."

Alivua hedifoni akampa Apollo. Apollo aliishika mkononi kwanza, kama kikombe cha moto, kisha akaivaa akiwa amesimama. Waliokuwa chumbani hawakusikia kilichosemwa upande wa pili. Walisikia yeye tu: "Ee." Halafu, "Ee, nimesikia." Halafu akageukia ukuta. Mwisho akasema, "Kuanza ngazi ya kwanza? Na hizi nywele zangu zinaanguka?" na kitu alichojibiwa kilimfanya acheke mpaka akashika meza.

"Wanasema nifungue jina jipya," alimwambia Rehemah. "Wanasema watanibeba."

"Uzito huo wanaujua?"

"Hawajawahi kuniona, mama."

Rehemah aliinuka. Alifungua mkoba, akatoa noti ya bei ya saa nzima, akaiweka mbele ya Wahab.

Wahab aliitazama. "Hapana, mama. Umekaa dakika kumi. Hata hukucheza."

"Tumeshindwa," Rehemah alisema.

Kijana mmoja wa zamani wa Namakwekwe, aliyekuwa amelipa mara nyingi chini ya kile kibao, alianza kutabasamu, akainamisha kichwa. Wahab aliichukua noti.

Nje jua lilikuwa limesimama juu ya Malukhu. Simu ya Rehemah ililia. Ilikuwa Nakisige kutoka Jinja. Aliiacha ilie. Aliingiza mkono kwenye mkoba mara nyingine, akatoa kisanduku cheusi cha waifai, akampa Shakirah.

"Kikae kwako."

"Na wateja, mama?"

"Utakiwasha wewe, utakizima wewe. Twende ukaandike hicho kibao cha nje cha Ngome, mwandiko wangu unatisha watu."

Shakirah alikitia kisanduku mfukoni, wakaanza kutembea.